Mwanzi wa mita 10 kwenye banda la mita 6: mekaniki na relativiti ya mwaka wa kwanza

Kuna swali moja la testi ya mwaka wa kwanza mpaka leo nakumbuka lilivyokaa kwenye karatasi, kona ya chini kabisa, maksi 8. Mwanzi wa mita 10 unapita ndani ya banda la mita 6 kwa spidi ya 0.8 ya spidi ya mwanga, banda lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kipengele (a), je kuna wakati milango yote miwili inaweza kufungwa kwa mpigo mwanzi ukiwa ndani? Kipengele (b), mtu aliyekaa juu ya huo mwanzi anaonaje? (a) nikaipata, fomula si nilikuwa nimeimeza, kwamba kitu kinachokwenda karibu na spidi ya mwanga aliyesimama anakipima kifupi, mwanzi unafupika unakuwa mita 6, unaenea, safi. (b) nikaandika kwamba kwa aliyekaa kwenye mwanzi banda ndo linakuja, kwa hiyo banda ndo limefupika, limekuwa mita 3.6, mwanzi wa mita 10 hauenei. Halafu nikabaki natazama majibu yangu mawili yanavyogombana pale kwenye karatasi, nikasema potelea mbali, nikahamia swali lingine. Nilipewa 2.

Baadaye wakati napiga msuli wa sapu, ule mtihani wa marudio, ndo nikagundua kwamba relativiti nilikuwa nimeionea bure. Pengo lilikuwa kwenye mekaniki ya wiki ya pili, ile tuliyoidharau wote kwa sababu tuliona ni yaleyale ya fomu five, Newton, kibox kwenye mteremko, kamba na puli. Kuna neno moja pale lekchara alilitaja kila siku na sisi tunaandika tu bila kuliwazia, nalo ni fremu. Sio fremu ya duka. Fremu hapa ni pale uliposimama na rula yako na saa yako ukipima dunia inavyokwenda, na kila namba unayoandika kwenye fizikia, spidi, umbali, muda, ni namba ya fremu fulani. Ukisahau kuuliza "kwa nani?" umeshakwisha.

Anzia kwenye daladala. Umesimama umeshika bomba, bodaboda inamchomekea dereva, dereva anakanyaga breki, wewe unaenda mbele mpaka unamlalia mama wa watu mwenye ndoo ya samaki. Uliza yeyote pale ndani atakwambia nimesukumwa. Na nani sasa? Nyuma yako hakuna aliyekugusa. Mtu aliyesimama kituoni anaona kitu rahisi sana, wewe ulikuwa unaenda mita 10 kwa sekunde na ukaendelea kwenda mita 10 kwa sekunde kama sheria ya kwanza ya Newton inavyosema, kilichopunguza spidi ni daladala na sio wewe. Ile "fosi" iliyokusukuma ipo tu kwenye vitabu vya aliyeamua kupimia ndani ya daladala. Kwa hiyo sheria za Newton hazifanyi kazi kila mahali, zinafanya kazi kwenye fremu ambazo zenyewe hazipandishi spidi, hazifungi breki, hazikati kona, na hizo ndo wanaziita fremu za inesha. Ukipimia kwenye fremu inayofunga breki au inayozunguka inabidi uchomekee fosi za uongo ili mahesabu yakae sawa.

Na dunia yenyewe inazunguka, pale ikweta ardhi inakwenda kama mita 465 kwa sekunde, kwa hiyo hata hapa ulipokaa sio fremu ya inesha kamili, ila kwa mambo mengi hiyo kasoro ni ndogo mno hauioni. Hapa lazima niwaseme kidogo wale jamaa wa ikweta pale Nanyuki, Kenya, wenye beseni lenye tundu na majani juu ya maji. Wanakuonyesha upande huu wa mstari maji yanazunguka hivi, wanatembea hatua kama 20 upande wa pili yanazunguka vile, mtalii anatoa hela anapiga picha na cheti. Fosi ya Coriolis, ile inayopindisha vitu vinavyotembea, ni kweli ipo na ni mojawapo ya hizo fosi za uongo za fremu inayozunguka, lakini inategemea umbali wako kutoka ikweta, na kwa mita 20 ukipiga hesabu unakuta mchapuko wake kwenye beseni ni mdogo kuliko ule wa mvutano wa dunia kwa zaidi ya mara bilioni 100. Kinachozungusha maji ni jamaa mwenyewe anavyogeuka na beseni au anavyomimina. Coriolis ya kweli inataka kitu cha ukubwa wa kimbunga, tena mbali kidogo na ikweta, ndo maana vimbunga haviundwi pale mstarini kabisa. Nimependa tu kulisema hili kwa sababu nilishawahi kutoa hela.

Sasa turudi kwenye fremu nzuri, zile zinazokwenda moja kwa moja bila kubadili spidi. Galileo mwaka 1632 aliandika kitu ambacho ukikisoma leo unaona mtu alikuwa amekaa kwenye meli akawaza kweli. Akasema jifungie kwenye chumba cha chini cha meli, uwe na vipepeo wanaruka, samaki kwenye bakuli, chupa inadondosha maji tone tone kwenye chombo kilichowekwa chini yake. Meli ikiwa imetia nanga, angalia. Meli ikienda kwa spidi yoyote ile mradi haiyumbi, angalia tena. Hauoni tofauti yoyote, matone yanaangukia palepale, vipepeo hawarundikani ukuta wa nyuma. Maana yake hakuna jaribio utakalofanya humo ndani likakwambia meli inatembea au imesimama, na swali la "nani anatembea kweli" halina jibu. Hiyo tayari ni relativiti, na Einstein hata babu wa babu yake hajazaliwa.

Kwenye daftari hii kitu inakuja kama fomula mbili. Ya kwanza x′ = x − vt, yaani ukitaka umbali kwenye fremu ya meli toa umbali ambao meli imeshakwenda. Ya pili t′ = t. Hii ya pili lekchara wengi hawaiandiki hata ubaoni, na aliyeiandika hajaisemea kitu, maana inaonekana kama kusema chai ni chai. Saa ya melini na saa ya bandarini zinasoma sawa, nani atabisha? Newton 1687 alijenga nyumba nzima juu yake na nyumba ikakaa miaka zaidi ya 200 bila ufa. Bomu lilitegwa hapohapo.

Ufa ulianzia kwenye umeme. Maxwell miaka ya 1860 aliunganisha sheria za umeme na sumaku akapata kwamba mawimbi yake yanasafiri kama kilomita 300,000 kwa sekunde, spidi ya mwanga kabisa. Sasa wewe uliyeshakuwa mjanja unauliza, kwa nani? Spidi hiyo ni kwenye fremu ipi? Equation zake hazisemi. Watu wakadhani basi kuna kitu kimejaa anga lote, wakakiita etha, mwanga unasafiri humo kama sauti kwenye hewa. Michelson na Morley mwaka 1887 kule Cleveland, Marekani, wakatega vioo kupima upepo wa hiyo etha, maana dunia inakimbia kuzunguka jua kilomita 30 kwa sekunde, lazima upepo uonekane. Hawakuona ule upepo waliokuwa wanautarajia. Mwaka 1905 karani wa ofisi ya hataza pale Bern, Uswisi, ana miaka 26, anasema achaneni na etha, tukubali mambo mawili tu tuone yanatufikisha wapi. Moja, Galileo yuko sahihi kwa fizikia yote, mwanga ukiwemo. Mbili, spidi ya mwanga ni ileile kwa kila aliye kwenye fremu ya inesha, hata kama taa inamjia mbio au inamkimbia. (Lekchara wengi wanasimulia kama vile Einstein alikuwa anajibu jaribio la Michelson, lakini ile pepa yake inaanza na sumaku na waya, kwamba ukisogeza sumaku au ukisogeza waya umeme unaopatikana ni uleule ila maelezo yalikuwa mawili tofauti. Mtu wa fremu huyo.)

Kipande kinachofuata kisome polepole, hapa ndo nilipotea mimi na hapa ndo darasa zima lilipotea.

Panda SGR ya Dar kwenda Dodoma, treni imeshika 160 kwa saa, ni kama mita 44 kwa sekunde. Simama katikati kabisa ya behewa na mipira miwili, mmoja urushe mbele na mwingine nyuma, yote mita 10 kwa sekunde. Kwako wewe inagonga kuta mbili kwa mpigo, umbali sawa spidi sawa. Jamaa amekaa chini ya mti nje kidogo ya Ruvu anatazama treni inapita, yeye anapima mpira wa mbele unaenda 54, ukuta wa mbele unaukimbia kwa 44, mpira unaukaribia kwa 10. Mpira wa nyuma kwake bado unaelekea Dodoma ila kwa 34, ukuta wa nyuma unakuja kwa 44, unaukuta kwa 10. Kwa hiyo hata kwake ni kwa mpigo. Umeona kilichookoa hali, mpira wa mbele ulipewa nyongeza ya spidi ya treni na wa nyuma ukakatwa, vikalingana.

Weka taa badala ya mipira. Unawasha taa katikati, mwanga unaenda mbele na nyuma. Kwako unagonga kuta zote kwa mpigo, sawasawa na mwanzo. Jamaa wa chini ya mti sasa afanyeje? Mwanga haupewi nyongeza wala haukatwi, ni kilomita 300,000 kwa sekunde pande zote, sheria namba mbili imeshapitishwa. Ukuta wa nyuma unaufuata mwanga, ukuta wa mbele unaukimbia. Basi kwake mwanga unagonga nyuma kwanza, mbele baadaye. Matukio mawili ambayo kwako yametokea kwa mpigo, kwake hayajatokea kwa mpigo.

Na usije ukafikiri kachelewa kuona. Hiyo ya mwanga kuchukua muda kufika jichoni kwake ameshaitoa kwenye hesabu, ana saa zake amezipanga pembeni ya reli yote na kila moja inaandika tukio lililotokea mbele yake. Hajadanganyika na wewe haujadanganyika. Neno "sasa hivi" halina maana mpaka useme la nani, kama ambavyo "mita 10 kwa sekunde" haina maana mpaka useme kwa nani. Ile t′ = t ndo imekufa hapo. Kwa behewa la mita 25 tofauti yenyewe ni sekunde zinazoanza na desimali halafu sufuri 13 ndo namba inatokea, kwa hiyo TRC, shirika la reli, hawana haja ya kubadilisha ratiba, lakini ndogo sio sufuri.

Hiyo ikikaa kichwani, mengine yote ni watoto wake. Kupungua kwa urefu kwa mfano, watu wanalichukulia kama mwanzi unabanwa na kitu. Hebu fikiria unampima samaki aliye hai anaogelea. Inabidi uweke alama ya kichwa na alama ya mkia kwa mpigo, ukiweka ya kichwa sasa na ya mkia baada ya sekunde utapata samaki mfupi ambaye hayupo. Kupima urefu wa kitu kinachotembea ni kuweka alama mbili "kwa wakati mmoja", na tumeshaona kwamba wakati mmoja wa kwangu sio wakati mmoja wa kwako, kwa hiyo na urefu hatutakubaliana, haiwezekani tukubaliane.

Saa kuchelewa ni pembetatu ya fomu two. Chukua saa ya mwanga, vioo viwili, kimoja sakafuni kimoja darini, mwanga unapanda na kushuka. Kwa aliye ndani ya treni mwanga umekwenda wima. Kwa aliye nje mwanga umekwenda mshazari, maana kioo cha juu kimesogea, njia ndefu zaidi kwa spidi ileile, kwa hiyo muda mrefu zaidi. Weka Pythagoras, c ikiwa spidi ya mwanga, v spidi ya treni, t muda wa aliye nje na t₀ muda wa aliye ndani, (ct)² = (vt)² + (ct₀)², safisha, inatoka t = t₀ ÷ √(1 − v²/c²). Ile 1 ÷ √(1 − v²/c²) ndo gama (γ). Kwenye spidi ya 0.6 ya mwanga gama ni 1.25, kwenye 0.8 ni 5/3, zinatoka namba safi kwa sababu ya pembetatu ya 3, 4, 5, ndo maana watunga mitihani hawaachi kuzitumia, ukiona 0.6 au 0.8 shukuru Mungu. Kwa SGR, ukikaa masaa 3 kwenye spidi ya 160, saa yako inachelewa kama 0.12 ya nanosekunde.

Mtu atasema haya ni ya kwenye karatasi. Basi chukua muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, inazaliwa kilomita nyingi juu hewani miale ya anga za mbali ikigonga hewa. Muoni ikiwa imetulia inaishi wastani wa mikrosekunde 2.2 halafu inavunjika. Hata ikienda karibu na spidi ya mwanga, kwa hesabu ya t′ = t inapata kama mita 660 basi, haifiki kwetu. Frisch na Smith miaka ya mwanzo ya 1960 wakahesabu muoni juu ya Mlima Washington kule Marekani, mita kama 1,900, za spidi ya karibu 0.995, wakapata kama 563 kwa saa. Wakashuka na mashine yao karibu na usawa wa bahari. Safari hiyo ya mita 1,900 inachukua kama mikrosekunde 6.4, kwa hiyo kwa hesabu ya Newton zingebaki kama 30. Walihesabu zaidi ya 400.

Na hapa jiulize tena "kwa nani". Kwetu sisi saa ya muoni imechelewa ndo maana imefika. Kwa muoni yenyewe saa yake iko sawa kabisa, mikrosekunde 2.2 ni 2.2, ila mlima ndo umefupika umekuwa kama mita 200. Maelezo mawili, idadi moja. Kwenye pepa ukichanganya, ukachelewesha saa na papo hapo ukafupisha mlima, umehesabu kitu kimoja mara mbili, hilo kosa nimelifanya na nimeona wadogo zangu wakilifanya kila mwaka. Ukitaka kujua t₀ ni ya nani, tafuta saa moja iliyokuwepo kwenye matukio yote mawili, kuzaliwa na kufa. Hiyo ni saa ya muoni, aliye chini anahitaji saa mbili, moja juu na moja chini.

Mapacha nitapita haraka. Mmoja kasafiri na roketi karudi kijana, mwenzake kazeeka, na watu wanasema si kila mmoja anaona mwenzake ndo anatembea, mbona hawalingani? Kumbuka daladala. Aliyegeuza roketi alifunga breki, kahawa yake ilimwagika, fremu yake sio ya inesha safari nzima, wa nyumbani kahawa haijamwagika. Mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege za abiria na zikarudi hazilingani na zilizobaki kwa kiasi ambacho hesabu ilitabiri, ingawa mle kuna na mchango wa mvutano wa dunia ambao kozi hii haiufikii. Setilaiti za GPS ni hivyohivyo, kwa spidi saa zake zinachelewa mikrosekunde 7 kwa siku, kwa mvutano dhaifu kule juu zinawahi 45, jumla zinawahi 38, na mwanga kwa mikrosekunde 38 unakwenda kilomita 11 na ushee, kwa hiyo inabidi zirekebishwe.

Kwenye nishati, kama desa lako la zamani linasema masi inaongezeka na spidi, siku hizi kozi nyingi zinaiacha masi ilivyo na kuandika momenta (zamani ilikuwa masi mara spidi) kama γmv, na nishati ya mwendo kama (γ − 1)mc². Kwa 0.8, ile fomula ya zamani ya nusu-em-vii-skwea inakupa 0.32mc², ya kweli ni 0.67mc², zaidi ya mara mbili. Mashine kubwa ya CERN, maabara ya fizikia pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa inasukuma protoni mpaka gama kama 7,000 na bado zinapitwa na mwanga kwa kama mita 3 kwa sekunde. Unamwaga nishati, spidi haitikisiki.

Haya, mwanzi wangu. Spidi 0.8, gama 5/3. Kwa mwenye banda mwanzi ni mita 6, banda ni mita 6, anafunga milango miwili kwa mpigo na kuifungua palepale. Kwa aliyekaa juu ya mwanzi, mwanzi ni mita 10 na banda la mita 3.6 linamjia. Mimi niliishia hapo, kwa sababu "kwa mpigo" niliibeba kutoka fremu ya banda nikaihamishia kwenye fremu ya mwanzi bila kulipa nauli. Tofauti ya muda kati ya milango miwili kwenye fremu ya mwanzi ni γ × v × 6 ÷ c², inatoka muda ambao mwanga unakwenda mita 8, kama nanosekunde 27. Kwa hiyo yeye anaona hivi, banda linaumeza mwanzi kuanzia nchani, mlango wa kutokea unafika kwenye ncha ya mbele, unafungwa na kufunguliwa. Wakati huo mlango wa kuingilia uko mita 3.6 tu kutoka nchani, mwanzi mwingi bado uko nje. Banda linaendelea, kwa nanosekunde hizo 27 kwa spidi ya 0.8 linakwenda mita 6.4. Mlango wa kuingilia sasa umefika mita 3.6 + 6.4 kutoka nchani, yaani 10, mwisho kabisa wa mwanzi, na hapo ndo unafungwa. Mlango haujagonga mwanzi, mwanzi haujavunjika, na kwake mwanzi haukuenea ndani ya banda hata mara moja.